Mti hunyonya sumu ya udongo, lakini hauimalizi

JE, mti unaweza kusafisha udongo ulioingiwa na sumu? Wataalamu wa mimea wanajibu kwamba unaweza, lakini kwa masharti. Ipo mimea ambayo hunyonya metali nzito kama kadimiamu na zinki kutoka ardhini na kuzipandisha hadi kwenye majani. Huko Ulaya mti uliojipatia sifa kwa kazi hii ni mwerebi, ule unaotajwa katika Biblia kuwa huota kando ya vijito, na ambao magome yake ndiyo yaliyowaelekeza wanasayansi kwenye dawa ya aspirini.

Swali hili si la Ulaya pekee. Linamhusu mkazi wa Nakuru, Naivasha au Nairobi anayelima mboga kando ya barabara, anayeishi karibu na jaa la taka, au anayenunua makaa bila kujua yalikotoka. Aidha, lina uzito wa pekee huko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako maji ya moto hutolewa chini ya ardhi yakiwa yamebeba madini ya kila aina.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mti hauiui sumu ya metali. Metali haiozi, haichakai wala haigeuki kuwa kitu kingine. Mti huihamisha tu, kutoka udongoni hadi kwenye majani, magome na matawi. Kwa hiyo kila anayefikiria kupanda miti ili kusafisha udongo hana budi kujiuliza: sumu hiyo ikishapanda juu, ni nani atakayekula majani yake, na ni nani atakayechoma kuni zake?

Maji ya moto ya Olkaria

Kenya ilianza kuzalisha umeme wa mvuke huko Olkaria mwaka wa 1981, kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, yenye jumla ya megawati 45. Tangu hapo vituo vimeongezeka, na leo sehemu kubwa ya umeme unaowasha taa katika miji yetu hutoka huko.

Visima vya mvuke huchimbwa hadi kina cha kilomita moja, mbili au hata tatu. Huko chini maji yana joto la zaidi ya nyuzi 200. Maji yenye joto la kiasi hicho huyeyusha sehemu ya mawe yanayoyazunguka, mfano wa maji yaliyochemka yanavyotoa rangi kwenye majani ya chai. Yanapofika juu, mvuke hutenganishwa na kupelekwa kuzungusha mitambo. Yanayobaki ni maji ya chumvichumvi yenye silika nyingi, boroni, floridi, na viwango vidogo vidogo vya aseniki na metali nyingine.

Katika miaka ya mwanzo, maji mengi ya aina hii yalielekezwa kwenye mabwawa na makorongo juu ya ardhi. Baadaye utaratibu wa kuyarudisha chini kupitia visima maalumu ulipanuliwa. Utaratibu huo ndio kinga kubwa kuliko zote, kwa sababu maji yakirudi yalikotoka hayapati nafasi ya kuacha madini yake katika udongo wa juu, ambamo nyasi huota.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika mkutano wa dunia wa nishati ya mvuke wa ardhini uliofanyika Japani mwaka wa 2000, watafiti wa Kenya waliwasilisha kazi yao kuhusu madini haya katika maji, udongo na mimea ya Olkaria. Walifanya vyema kupima mimea pamoja na udongo. Mmea ndio daraja kati ya udongo na tumbo la mnyama, na kati ya mnyama na sahani ya binadamu.

Na Olkaria si mahali patupu. Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka wa 1984, imepakana na visima vya mvuke. Pundamilia, kongoni na twiga hupita katikati ya mabomba. Wafugaji wa Kimaasai wamelisha ng'ombe na mbuzi wao katika nchi hiyo tangu kabla ya umeme kuja. Kichaka kilichotapakaa huko ni leleshwa, chenye majani ya kijivu yenye harufu kali. Mbuzi huyaguguna majani yake, na miti yake imekuwa ikichomwa makaa kwa miaka mingi na kuuzwa mjini.

Sumu hizi hudhuru vipi?

Metali nzito hazifanani kwa madhara yake, ingawa hutajwa pamoja.

Risasi, madini mazito yanayojaa ndani ya betri za magari, hudhuru ubongo na neva. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu ubongo wake ungali unakua na kwa sababu tumbo lake hufyonza risasi kwa wingi kuliko la mtu mzima. Mtoto anaweza kuonekana mzima wa mwili, kumbe uwezo wake wa kujifunza na kutulia darasani unapungua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kadimiamu hulenga figo. Ikishaingia mwilini hukaa humo kwa miaka kumi au hata thelathini, ikijilimbikiza kidogo kidogo. Huko Japani, wakulima wa bonde la mto Jinzu walikula mchele uliomwagiliwa maji yenye kadimiamu kutoka migodini. Wengi wao, hasa akina mama waliokwisha kuzaa mara kadhaa, walipatwa na ugonjwa wa figo na mifupa ikawa myepesi kuvunjika. Serikali ya nchi hiyo iliutambua rasmi ugonjwa huo mwaka wa 1968.

Aseniki huingia mwilini zaidi kwa maji ya kunywa. Mtu akiyanywa kwa miaka mingi hupata madoa na ugumu wa ngozi, na huongezewa hatari ya saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Floridi si metali, lakini wakazi wa Nakuru wanaifahamu vizuri kwa kuyatia meno rangi ya kahawia. Dawa ya floridi ni kutafuta au kuchuja maji ya kunywa. Kupanda miti hakusaidii.

Jinsi mzizi unavyodanganyika

Kila mmea unahitaji madini ili uishi. Zinki na shaba, kwa mfano, ni chakula cha mmea zikiwa kwa kiasi kidogo. Mizizi ina vijilango vya kupitishia madini hayo. Kadimiamu inafanana sana na zinki, hivyo hupita katika mlango ule ule bila kuzuiliwa. Aseniki nayo hufanana na fosfeti, ambayo ni mbolea, ikaingia kwa hila hiyo hiyo.

Risasi ni habari nyingine. Hugandamana na chembe za udongo, na hata ile inayoufikia mzizi hubaki hapo hapo. Ni kiasi kidogo sana kinachopanda hadi majani. Hii ndiyo sababu mti unaosifiwa kwa kunyonya kadimiamu unaweza kuwa si kitu mbele ya risasi.

Mwerebi ulipendwa na wataalamu kwa sababu tatu. Hukua upesi. Hunywa maji mengi, na pamoja na maji huchota kadimiamu na zinki. Tatu, ukikatwa karibu na ardhi huchipuka tena, kwa hiyo mkulima huvuna fito kila baada ya miaka michache bila kupanda upya. Huko Sweden, mji wa Enköping ulipanda zaidi ya hekta 70 za mierebi na tangu mwaka wa 2000 ukawa unaimwagilia maji taka ya mji yaliyokwisha kusafishwa kwa sehemu. Fito huchomwa katika mtambo wa umeme na joto. Huko Ubelgiji nako, mierebi imejaribiwa katika mashamba yaliyochafuliwa na viwanda vya zamani vya kuyeyusha zinki.

Kenya ina mwerebi wake wa asili, unaoota kando ya mito. Hata hivyo, ni mti wa penye maji. Kuupeleka kwenye majivu ya volkano ya Olkaria, ambako mvua ni haba na udongo hauhifadhi maji, ni sawa na kumpeleka kiboko malishoni Magadi.

Hesabu ya miaka

Watu wengi wakisikia kwamba miti husafisha udongo hudhani ni kazi ya misimu miwili mitatu. Tufanye hesabu ndogo tuone.

Chukua hekta moja ya shamba. Udongo wake wa juu, hadi kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ya udongo huo ina miligramu 2 za kadimiamu. Hekta nzima itakuwa na kilo 5 na gramu 200. Tunataka tuipunguze iwe nusu, yaani tutoe kilo 2 na gramu 600.

Mierebi iliyostawi vyema yaweza kutoa tani 10 za mti mkavu kwa mwaka katika hekta moja. Tukikadiria kwamba kila kilo ya mti huo imebeba miligramu 20 za kadimiamu, tutakuwa tunatoa gramu 200 kila mwaka. Kazi yetu itachukua miaka 13. Ni mingi, lakini mtu anaweza kuanza na akaishi kuona mwisho wake.

Sasa weka risasi mahali pa kadimiamu. Tuseme udongo una miligramu 400 kwa kilo na tunataka ushuke hadi 100. Katika hekta hiyo tutalazimika kutoa kilo 780. Hata kama mti ungebeba miligramu 20 za risasi kwa kilo, tungetoa gramu 200 tu kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni miaka 3,900.

Kwa hiyo anayemwambia mkazi wa mtaa wenye risasi kwamba apande miti kisha asubiri anamwambia asubiri milele.

Majani huenda wapi?

Tuseme basi kwamba metali iliyopo ni kadimiamu, na mti umefanya kazi yake. Hapa ndipo penye hatari ambayo mara nyingi husahaulika.

Majani ya mti huo sasa yana sumu kuliko yalivyokuwa. Yakiachwa yaanguke, yataoza na kuirudisha sumu juu ya udongo, tena mahali pepesi pa kuguswa na watoto na kuku. Kwa hiyo ni lazima mti uvunwe kabla ya majani kupukutika, au majani yaokotwe. Mbuzi wakiyala, sumu inaingia katika ini na figo zao, na hizo ndizo nyama ambazo wengi wetu huzipenda zikiwa zimechomwa. Ndiyo maana uzio ni sehemu ya tiba sawa na mti wenyewe.

Kuni nazo si salama. Moto wa kadimiamu hauiteketezi. Sehemu yake hupaa na moshi na nyingine hubaki katika majivu. Katika mitambo ya Ulaya moshi hupitishwa kwenye vichujio na majivu mabaya hutengwa. Jiko la jikoni halina kichujio isipokuwa mapafu ya anayepika. Aidha, majivu ya jikoni huishia wapi? Humwagwa kwenye bustani ya mboga kama mbolea, na hapo mzunguko unaanza upya.

Kwa sababu hiyo, huko Olkaria haitoshi kuuliza mti gani unanyonya vizuri. Leleshwa iliyoota kando ya bwawa la maji ya kisima ikichomwa makaa, yaliyokuwa udongoni yatasafiri ndani ya gunia hadi mjini. Mti wa kusafisha udongo lazima uwe mti ambao hakuna mnyama wala binadamu anayeutegemea.

Sukuma wiki nayo hunyonya

Msomaji wa mjini anaweza kusema kwamba hana mwerebi wala hakai Olkaria. Lakini mlango ule ule unaoingiza kadimiamu katika mwerebi uko pia katika mizizi ya mboga tunazokula.

Mmojawapo wa mimea iliyotumiwa sana katika majaribio ya kusafisha udongo ni haradali ya Kihindi. Mmea huo ni wa jamii moja na sukuma wiki na kabeji. Mboga za majani kwa jumla hubeba kadimiamu kwa wepesi kuliko nafaka na matunda. Mkulima anayepanda sukuma wiki kando ya gereji au juu ya jaa la zamani anafanya kazi ile ile ya wanasayansi, ila yeye mavuno yake anayapeleka sokoni.

Mtumbaku nao ni hodari wa kunyonya kadimiamu na kuihifadhi katika majani. Ndiyo sababu wavutaji wa sigara huwa na kadimiamu mwilini karibu maradufu ya wasiovuta. Mvutaji anaichoma sumu hiyo na kuivuta moja kwa moja hadi mapafuni.

Penye risasi, funika au chimba

Kenya imepata mafunzo machungu kuhusu risasi. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi katika jaa la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichotumiwa wakati huo kama mpaka. Tangu hapo mpaka umeshushwa. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto akifikia mikrogramu 5, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa.

Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliingiwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka wa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga alipatikana na risasi katika damu, aliongoza vita vya wakazi na kutunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni na udongo usafishwe. Kesi iliendelea katika mahakama za rufaa hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilipowapa wakazi ushindi.

Udongo kama huo husafishwaje? Kama tulivyoona katika hesabu, si kwa kunyonywa na miti. Risasi humfikia mtoto zaidi kwa vumbi, linaloshika mikononi na kuingia mdomoni. Kwa hiyo tiba ni kuondoa udongo wa juu, au kuufunika vumbi lisipeperuke.

Mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya vijiji vyao kujaa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi. Waliokwenda kuokoa hawakupanda kitu. Walikwangua udongo wa nyua, wakauzika mbali na kuleta udongo safi, huku madaktari wakiwatibu watoto. Mtoto akirudi kutoka hospitali kwenye ua ule ule wenye sumu, dawa aliyopewa ni bure.

Pasipo na hatari ya haraka, mimea inaweza kutumika kama blanketi. Huko Lubumbashi, Kongo, moshi wa kiwanda cha shaba uliunguza ardhi ya upande mmoja wa mji kwa miongo mingi hadi pakabaki uwanda mtupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichukua nyasi za asili za Katanga, zilizozoea udongo wa shaba, wakazipanda huko baada ya kutia chokaa na mboji. Hawakutaka nyasi zinyonye. Walitaka zishike udongo kwa mizizi na kuifungia shaba chini, bila kuipandisha kwenye majani. Kwa kazi hii mmea bora ni ule unaokataa kunyonya.

Olkaria ifanyiwe nini?

Tukiyaweka haya yote pamoja, utaratibu unaofaa unajipanga wenyewe.

La kwanza ni kuziba chanzo. Maji ya visima yarudishwe chini, na pale yanapolazimika kukaa juu kwa muda yawekwe katika mabwawa yaliyotandikwa karatasi ngumu na kuzungushiwa uzio. Shilingi inayotumika hapa inafaa kuliko mia zitakazotumika baadaye.

La pili ni kupima udongo na mimea mara kwa mara, na wakazi waelezwe matokeo kwa lugha wanayoielewa. Mfugaji akijua ni korongo gani lilipitisha maji ya kisima, atajua pa kulisha na pa kuacha.

La tatu ni kufunika kwa nyasi na vichaka vya huko huko sehemu zilizoachwa wazi na machimbo.

Kunyonya kwa mimea huja mwisho, na hufaa kwa sehemu ndogo zilizofungwa. Kwa aseniki, mwaka wa 2001 wanasayansi wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba kuna kangaga mmoja anayeipenda kupita mimea yote iliyojulikana. Kangaga huyo huota hata Afrika Mashariki, kwenye nyufa zenye unyevu. Kando ya Ziwa Naivasha mafunjo nayo huzuia tope na uchafu, na yapo mashamba ya maua yaliyotengeneza vinamasi vya kuchuja maji yao. Lakini kanuni ni ile ile: kangaga akishajaa aseniki ni taka yenye sumu, na mafunjo ya kinamasi cha kuchujia si ya kulisha ng'ombe.

Ushauri kwa msomaji

Ikiwa una bustani mjini, chunguza kwanza historia ya mahali hapo. Gereji, mahali pa kufungulia betri, jaa la taka, na kando ya barabara kuu ni pa kutiliwa shaka. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwisho wa 2005, lakini risasi iliyoanguka miaka hiyo ingali udongoni.

Unapopeleka udongo kwenye maabara, sema wazi kwamba unataka upimwe metali nzito. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakitaonyesha.

Ukiwa na wasiwasi, lima ndani ya magunia au masanduku yaliyojazwa udongo safi. Pasipowezekana, panda mahindi au nyanya badala ya mboga za majani na mizizi, na utie mboji na chokaa, kwani udongo wenye uchachu huachilia kadimiamu kwa wepesi.

Osha mboga kwa maji mengi. Kuosha huondoa vumbi lenye risasi, ingawa hakuondoi metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani.

Usichome mbao zilizotiwa dawa, kama vile vipande vya nguzo za umeme au za ua zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa inayotumika sana kuzihifadhi ina shaba, kromiamu na aseniki, na majivu yake ni sumu.

Wanawishe watoto mikono kabla ya kula, na fundi wa betri abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto wake. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama vile maharagwe, maziwa na dagaa, husaidia mwili wa mtoto kukataa risasi. Hata hivyo, ni damu pekee inayoweza kueleza kama mtoto ameathirika, kwa hiyo mwombe daktari ampime.

Miti ipandwe, na ipandwe kwa wingi. Lakini ule uliopandwa ili kunyonya sumu uwekewe uzio, na kila mtu mtaani aambiwe kwa nini hauliwi wala haukatwi kuni.